Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Mabweni Yakifungwa, Tulale Wapi?

Kwa Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,
Kampala.

Mheshimiwa,

YAH: MAKAZI NA HUDUMA KWA WANAFUNZI WA KIGENI WAKATI WA LIKIZO

Kwa heshima na taadhima, ninakuandikia kwa niaba ya wanafunzi wa chuo chako tuliotoka Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi, Rwanda, Sudan Kusini, Sudan na Somalia. Mimi mwenyewe natoka Kigoma, niko mwaka wa tatu. Tumekubaliana barua iwe ya Kiswahili kwa sababu wengi wetu ndicho tunachozungumza tukikutana, na wazazi wetu nao wataweza kuisoma.

Tulitaka jambo hili limalizikie ofisini. Tulianza kwa mlezi wa bweni, akatuelekeza kwa Mshauri wa Wanafunzi. Tuliandika, tukajibiwa kwa mdomo kwamba suala linashughulikiwa. Tuliwapelekea viongozi wa serikali ya wanafunzi, nao wakaahidi kulifikisha kikaoni. Muhula ukaisha, na mwingine ukaisha, na kila mara tangazo ni lile lile mlangoni: wanafunzi wote waondoke mara tu baada ya mtihani wa mwisho, vyumba vitafungwa, mali itakayobaki ni kwa wajibu wa mwenyewe. Njia za ndani tumezimaliza, ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Kilio chetu kwa ufupi ni hiki: chuo kinatusajili kwa mwaka mzima, lakini kinatuhesabu kwa miezi ya vipindi tu. Mtihani wa mwisho ukiisha, hakuna ofisi hata moja inayojua tuko wapi, wala inayotakiwa kujua.

1. Nyumbani hakufikiki kila likizo

Tunajua wengi ofisini wanadhani mtoto wa Afrika Mashariki akimaliza mtihani anapanda basi la usiku, na asubuhi yuko kwao. Kwa wa Kisumu au wa Bukoba ndivyo ilivyo, na hao huondoka kweli, hawakusumbui. Lakini kutoka Kampala hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara, upite mpakani Mutukula au uzungukie Nairobi, na Desemba nauli hupanda kwa sababu kila mtu anakwenda kula Krismasi kwao. Mzazi aliyejibana akalipa ada mwezi Agosti hana nauli ya kwenda na kurudi mwezi Desemba. Mwenzetu wa Kinshasa hana basi la kupanda. Ni ndege, au abaki.

Halafu kuna mipaka, na mipaka haina kalenda ya chuo. Mrundi alizoea kupita Kigali. Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, ikambidi azunguke kwa Mutukula, akate kaskazini-magharibi mwa Tanzania hadi mpakani Kobero, ndipo aingie nchini kwao. Wanyarwanda waliotutangulia walipitia mateso kama hayo pale Gatuna, mpaka wa Rwanda na Uganda uliofungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Katika miaka hiyo aliyekwenda likizo hakuwa na hakika ya kurudi kufanya mitihani.

Wapo pia ambao nyumbani kwenyewe kumeharibika. Waasi wa M23 walipoitwaa Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Mzazi mwenye fedha yake akawa hana pa kuitoa, na mtoto huku anatakiwa kufungasha. Kwa Msudani wa Khartoum, vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023. Kwa wa Juba, barabara ya Nimule imeshambuliwa mara nyingi kiasi kwamba mama ndiye anayepiga simu kumwambia mwanawe asije. Mtu kama huyo unapomwambia aende nyumbani, unamwambia aende wapi?

2. Wanaobaki, wanabaki wapi

Chuo hakijawahi kutuuliza swali hili, kwa hiyo tunalijibu hapa bila kuulizwa.

Wenye jamaa huenda kwa jamaa. Wasomali wengi hujisitiri mtaa wa Kisenyi, na hapo angalau kuna lugha na chakula cha nyumbani. Baadhi ya Wakongo jamaa zao ni wakimbizi, hivyo likizo wanakwenda kuimalizia kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale kule Isingiro. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na tunaishukuru kwa hilo. Hata hivyo, mwanafunzi wa uhandisi anayekwenda kulala chini ya turubai na watoto sita wa shangazi yake, huku ana ripoti ya kuandika, si mtu aliyekwenda kupumzika. Anarudi muhula mpya amekonda, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Wengine hualikwa na wanafunzi wenzetu wa hapa. Ningependa wazazi wa Masaka, Mbale na Kabale wajue kwamba hatusahau. Tumelala kwenye vitanda vya watoto wao, tumekula matoke yao, na wa Masaka tumewasaidia kuvuna kahawa, maana mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe tumelishika kwa furaha. Lakini likizo ni majuma kadhaa. Unaweza kwenda kwa watu likizo moja. Likizo ya pili unaona haya. Ya tatu unasingizia kwamba umepata pa kukaa. Ukarimu wa familia moja ya kijijini hauwezi kuwa ndio mpango wa malazi wa chuo kikuu.

Waliobaki mjini hukodi. Hosteli binafsi zikiona mabweni yamefungwa huacha bei ya muhula na kutoza kwa siku, kwa hiyo watu wanne au watano huchanga wakalale chumba kimoja. Wengi huishia Bwaise na mitaa kama hiyo ya bondeni, ambako chumba ni rahisi na sababu ya urahisi wake utaijua mvua ikinyesha. Vitabu vimelowa huko. Kompyuta zimeibwa huko. Chakula ni rolex moja (chapati iliyoviringwa na mayai) inayogawanywa mara mbili, asubuhi na jioni, kwa sababu kantini imefungwa na jiko liko stoo ya chuo pamoja na godoro.

Na kuhusu stoo hiyo: tunaambiwa mali ni kwa wajibu wetu, lakini ufunguo si wetu. Wenzetu wamerudi wakakuta masanduku yamefunguliwa. Walipolalamika walionyeshwa tangazo.

Linalofuata nalisema kama binti, na naomba lisomwe kama lilivyoandikwa. Msichana mgeni asiye na pa kulala hakosi watu wa kumkaribisha. Wenye nyumba wapo, wenye magari wapo, na wapo hata watu wanaoheshimika. Anayekubali kwa sababu amefungiwa bweni na hana shilingi, huyo hakuwa na uhuru wa kukataa. Tunawajua waliopita hapo. Hatutawataja kwa majina wala kwa kozi, hapa wala ofisini, mpaka chuo kiwe na mtu aliyefunzwa kuwasikiliza na kuwatunzia siri. Lakini uongozi hauwezi tena kusema kwamba haukuambiwa. Umeambiwa leo.

Sikukuu sitazizungumzia sana. Krismasi hutukuta kwenye chumba cha kukodi, na katika Ramadhani wapo wanaopanda kilima hadi msikiti wa Old Kampala kwa sababu futari ya watu wengi huondoa upweke kidogo. Mambo hayo tunayavumilia. Hatuombi chuo kitupikie biriani.

3. Chuo chenyewe ndicho kinachotubakiza

Hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa kuwa halihusiani na vita, mipaka wala umaskini wa wazazi wetu.

Mabweni hufungwa mwishoni mwa muhula wa pili, Mei au Juni. Mara tu baada ya hapo, kozi nyingi zinamtaka mwanafunzi afanye mafunzo kwa vitendo, na mafunzo hayo yana alama. Mwalimu msimamizi lazima aje kumkagua, na msimamizi haendi kumkagua mtu Bujumbura. Kwa hiyo mwanafunzi anatakiwa awe Kampala kwa amri ya kitivo, na asiwe Kampala kwa amri ya ofisi ya mabweni, katika mwezi ule ule, kwa barua zenye nembo ile ile. Mwenzake wa hapa analala kwao Mukono na kwenda kazini kwa taksi (daladala). Sisi tunafanya mafunzo bila malipo huku tukilipa chumba cha siku.

Anayerudia mtihani naye hubakizwa. Kadhalika yule aliyefanya mtihani, akafaulu, kisha alama zake zikapotea. Kila mwanafunzi wa Uganda anaelewa maana ya alama kupotea: unamfuata mhadhiri, anakupeleka kwa mkuu wa idara, anakupeleka kwa msajili, na wote wanataka uwepo mwenyewe na karatasi mkononi. Kosa si letu, ila gharama ya kulisubiri lirekebishwe ni yetu: chumba, chakula na nauli.

4. Karatasi zetu

Pasi ya mwanafunzi, yaani kibali cha Uhamiaji cha kukaa nchini kwa masomo, inategemea barua ya chuo. Bila barua ya kuthibitisha kwamba unasoma hapa, huwezi kuihuisha. Wengine pasi zao huisha katikati ya likizo, wakati ofisi inayotoa barua ina mtu mmoja anayekuja akipenda, au imefungwa kabisa. Mwanafunzi asiye na pasi hai anaogopa kupita barabarani usiku, anaogopa kwenda kituo cha polisi hata akiibiwa, na anaogopa kusafiri, kwa kuwa mpakani ataulizwa. Zaidi ya hayo, pasi hiyo ni ya kusoma. Hairuhusu ajira. Kwa hiyo ushauri tuliowahi kupewa ofisini, kwamba tutafute kibarua cha likizo, ulikuwa ushauri wa kutuvunjisha sheria za nchi iliyotupokea. Atakayetushika si aliyetushauri.

5. Kalenda

Tarehe za kufunga na kufungua zitolewe mapema na ziheshimiwe. Ratiba ya mitihani ikisogezwa kwa juma moja, mwenye tiketi ya Nairobi anapoteza tiketi, na mwenye tiketi ya ndege ya Kinshasa anapoteza fedha ambayo familia yake haitaipata tena mwaka huo.

Mheshimiwa, majibu tunayoweza kupewa tunayajua, kwa kuwa mengine tumeshapewa.

Tutaambiwa hakuna fedha za kuendesha mabweni wakati wa likizo. Hatuombi yote. Tunaomba moja. Walinzi wapo getini likizo yote, taa za uwanjani zinawaka, maji hayakatwi. Na hatujasema tulale bure. Tunataka bei iliyoandikwa, inayojulikana tangu siku ya kujisajili, ili mzazi aipange pamoja na ada. Wengi wetu tunalipa ada kubwa kuliko wenzetu wa hapa, na tunalipa tukijua hivyo. Kinachotushinda ni gharama inayozuka siku ambayo hatuna namna.

Tutaambiwa likizo ndio wakati wa ukarabati. Basi bweni la kukaa likizo libadilishwe kwa zamu, hili Desemba, lile Juni, na mafundi wapishane na sisi.

Tutaambiwa hosteli nyingi ni za watu binafsi na chuo hakina mamlaka nazo. Lakini ni chuo kinachotupa orodha ya hosteli hizo mwaka wa kwanza, na ni watumishi wa chuo wanaozikagua kabla ya kuziweka kwenye orodha. Mwenye hosteli anayetaka kubaki kwenye orodha anaweza kuwekewa sharti la kutotoza likizo zaidi ya bei ya muhula ikigawanywa kwa siku. Sharti hilo halihitaji bajeti.

Tutaambiwa chuo hakiwezi kubeba dhamana ya usalama wa wanafunzi nje ya muhula. Jibu hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa hatari haiangalii kama ni muhula. Mwaka 2020 vyuo vyote viliamriwa kufungwa ifikapo tarehe 20 Machi, na ndani ya siku chache mipaka ikafungwa kwa abiria na usafiri wa umma ukasimamishwa. Wageni wengi walikwama mjini. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano, na wazazi walio mbali wakakaa bila kujua watoto wao wako salama au la. Uchaguzi wa Uganda huangukia Januari au Februari, ambapo ndipo wengi wetu tunakuwa likizo, tumetawanyika mitaani. Siku kama hizo, mwanafunzi mgeni ni salama zaidi ndani ya uzio wa chuo, jina lake likiwa kwenye daftari la mlinzi. Chuo kikikwepa dhamana, hatari inabaki pale pale. Kinachopungua ni watu wa kuikabili.

Na tutaambiwa kwamba tuko wachache. Inawezekana. Hakuna aliyetuhesabu. Fomu ya ukurasa mmoja, ikijazwa majuma mawili kabla ya mitihani, ingetosha kuonyesha ni nani anabaki, kwa sababu gani, na mpaka lini.

Uganda ina historia nzuri ya kusomesha watoto wa majirani. Julius Nyerere, Benjamin Mkapa na Mwai Kibaki wote walisoma Makerere. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina makao yake makuu hapa hapa Kampala, na Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza ukanda huu kuwa eneo moja la elimu ya juu. Sisi tuliliamini tangazo hilo. Maofisa wa chuo chako walipokuja kwetu na vipeperushi, walituandikia kwamba malazi ni salama na kwamba mwanafunzi wa kigeni atalelewa kama yuko nyumbani. Baba yangu alikitunza kipeperushi hicho. Hakikusema malezi hayo yanakoma siku ya mtihani wa mwisho.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba yajibiwe moja moja.

Kwanza, bweni moja, lenye sehemu ya wasichana na sehemu ya wavulana zilizotenganishwa, libaki wazi katika kila likizo kuanzia Desemba ijayo, kwa bei itakayotangazwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Anayethibitisha kwamba kwao kuna vita, au kwamba anabaki kwa sababu ya alama zilizopotezwa na chuo, asilipishwe.

Pili, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo yanayotakiwa na kozi yake ahesabiwe kuwa yuko muhulani, pamoja na haki ya chumba na zahanati.

Tatu, awepo mtumishi mmoja wa zamu likizo nzima, mwenye jina, simu inayopokelewa na mamlaka ya kutia sahihi barua za Uhamiaji.

Nne, stoo ya mizigo iwe na daftari la kupokelea mali, na kitakachopotea kilipwe.

Tano, awepo mshauri nasaha wa kike ambaye mabinti waliopata madhila wakati wa likizo wanaweza kumwendea bila kupitia kwa mlezi wa bweni wala mtu mwingine yeyote.

Sita, kalenda ya mwaka itolewe kabla ya kufunguliwa muhula wa kwanza, na ikibadilishwa, anayepoteza nauli asikilizwe.

Kama lipo ombi lisilowezekana, tuambiwe ni lipi na kwa sababu gani. Tunalohitaji ni jibu la maandishi, lenye sahihi, kabla ratiba ya mitihani ya muhula huu haijabandikwa, ili anayepaswa kutafuta chumba aanze kutafuta mapema. Wawakilishi wetu, wa kike na wa kiume, watakuja ofisini kwako siku yoyote utakayoitaja, saa yoyote isiyo ya vipindi. Fomu ya kuhesabu wanaobaki tumeshaiandaa, na tutaileta.

Wako katika utumishi wa elimu,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Kigoma,
kwa niaba ya wanafunzi wa kigeni wa chuo.

Nakala:
Msajili wa Chuo
Mshauri wa Wanafunzi
Viongozi wa serikali ya wanafunzi
Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, Kampala